Paul von Lettow-Vorbeck

Paul Emil von Lettow-Vorbeck (Saarlouis, 20 Machi 1870 – Hamburg, 9 Machi 1964) alikuwa jenerali wa Ujerumani aliyeongoza jeshi la koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918). Koloni hilo lilijumuisha nchi za leo za Tanzania bara, Rwanda na Burundi. Mapigano yake yalifika pia Kenya, Msumbiji na Zambia.

Lettow-Vorbeck anajulikana duniani kama kamanda aliyepigana miaka minne dhidi ya majeshi makubwa kuliko lake bila kukamatwa, akasalimu amri baada tu ya vita kwisha Ulaya. Hata hivyo vita vyake vilipiganwa kwa kiasi kikubwa na askari Waafrika, mizigo yake ilibebwa na wapagazi Waafrika, na chakula chake kilitoka katika ghala na mashamba ya wanavijiji. Kwa hiyo maisha yake ni sehemu ya historia ya Tanzania, na sifa zake haziwezi kupimwa bila kutazama gharama waliyolipa wenyeji.

Asili na elimu

Alizaliwa katika familia ya makabaila wa Pomerania iliyokuwa na desturi ya kutoa maofisa wa jeshi. Baba yake pia alikuwa mwanajeshi na alifikia cheo cha jenerali. Paul alipelekwa shule ya kijeshi tangu utotoni, kisha akawa ofisa katika jeshi la Prussia.

China na Namibia

Mwaka 1900 alipelekwa China pamoja na kikosi cha Ujerumani kilichoshiriki kukandamiza uasi wa Mabondia. Huko aliona kwa mara ya kwanza vita dhidi ya watu waliopigana kwa makundi madogo bila mstari maalumu wa mbele.

Mwaka 1904 alipelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi ya Kijerumani, yaani Namibia ya leo. Waherero, na baadaye Wanama, walikuwa wameasi dhidi ya utawala wa Kijerumani. Lettow-Vorbeck alitumika kwanza katika ofisi ya Jenerali Lothar von Trotha, kisha akapewa kikosi cha kuongoza. Vita hivyo vilisababisha vifo vya sehemu kubwa ya Waherero na Wanama, na leo vinahesabiwa na wanahistoria kuwa mauaji ya kimbari. Mwaka 1906 alijeruhiwa jicho la kushoto, akaenda Afrika Kusini kwa matibabu. Katika miaka hiyo alijifunza jinsi wapiganaji wachache wanaoijua nchi yao wanavyoweza kulichosha jeshi kubwa.

Kufika Afrika ya Mashariki

Alifika Dar es Salaam Januari 1914 akiwa na cheo cha luteni kanali. Jeshi la koloni, lililoitwa Schutztruppe, yaani jeshi la ulinzi, lilikuwa na kombania 14 zenye Wajerumani wapatao 260 na askari Waafrika wapatao 2,500. Askari hao walitoka katika makabila mbalimbali, wakiwemo Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Walikuwepo pia wazee wa Kisudani waliokuja na Hermann von Wissmann tangu vita vya Abushiri. Lugha ya jeshi ilikuwa Kiswahili, na Lettow-Vorbeck mwenyewe alijifunza.

Vita ilipoanza Agosti 1914, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisiingie vitani. Alitegemea Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, ambao uliruhusu makoloni ya eneo hili kuwa nje ya vita vya Ulaya. Tena Schnee alikumbuka kwamba nchi ilikuwa imetoka karibuni katika vita vya Maji Maji, vilivyoua watu wengi sana kwa njaa. Lettow-Vorbeck aliona tofauti. Alijua kwamba koloni haliwezi kulindwa hadi mwisho. Lakini kila askari ambaye Uingereza ingemleta Afrika ya Mashariki angekuwa amepunguzwa katika uwanja wa vita wa Ulaya. Kwa mpango huo, koloni lenyewe na watu wake vilikuwa chombo tu cha kuisaidia Ujerumani mbali kabisa na hapa. Mabishano kati ya gavana na kamanda yaliendelea muda wote wa vita, na mara nyingi kamanda ndiye aliyeshinda.

Mapigano ya Tanga

Mwanzoni mwa Novemba 1914 meli za Uingereza zilifika mbele ya Tanga zikiwa na kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka Uhindi, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Waingereza walichelewa kushuka, na Lettow-Vorbeck akatumia reli ya Usambara kuwaleta askari wake haraka kutoka upande wa Moshi. Alikuwa na watu kama 1,000 tu.

Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4 Novemba. Askari wa Kihindi, wengi wao wakiwa wamechoka kwa safari ndefu ya baharini, walipotea katika mashamba ya mkonge na mipira. Nyuki waliochokozwa na risasi waliwashambulia watu wa pande zote, na kwa sababu hiyo Waingereza waliyaita mapigano ya nyuki. Tarehe 5 Novemba Waingereza walirudi melini wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 800 waliouawa au kujeruhiwa. Waliacha bunduki nyingi, bombomu 16 na risasi zipatazo 600,000.

Miongoni mwa waliouawa upande wa Wajerumani alikuwemo Tom von Prince, ofisa aliyejulikana kwa kumsaka Mtwa Mkwawa wa Wahehe hadi mwaka 1898.

Jasini na mashambulizi ya reli

Januari 1915 Lettow-Vorbeck aliiteka ngome ya Waingereza ya Jasini, karibu na mpaka wa Kenya pwani. Alishinda, lakini alipoteza maofisa wengi asioweza kupata wengine na akatumia risasi zipatazo 200,000. Hapo alitambua kwamba ushindi mwingine wa namna hiyo ungelimaliza jeshi lake. Tangu hapo aliepuka mapigano makubwa kila alipoweza. Alituma makundi madogo kuvuka nyika kavu za Taveta na Tsavo ili kulipua reli ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria.

Wakati huohuo jeshi liliongezeka kwa kuandikisha watu wapya, hadi kufikia Wajerumani wapatao 3,000 na askari zaidi ya 11,000.

Kujitegemea wakati wa vita

Manowari za Uingereza zilifunga pwani. Meli mbili tu za kubeba silaha kutoka Ujerumani zilifanikiwa kupenya, moja mwaka 1915 na nyingine mwaka 1916. Mahitaji mengine yalitengenezwa nchini. Wanawake na mafundi walisokota pamba na kufuma nguo. Viatu vilishonwa kwa ngozi za ng'ombe na za wanyamapori. Taasisi ya Amani katika milima ya Usambara ilitengeneza dawa ya kwinini kwa magome ya miti, dawa iliyowaokoa wengi na malaria. Karakana ya reli ya Tabora ilitengeneza sarafu, zikiwemo za dhahabu za rupia 15.

Manowari ya Kijerumani Königsberg iliharibiwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikafungwa magurudumu na kukokotwa na mamia ya wapagazi kutoka uwanja mmoja wa vita hadi mwingine.

Kurudi nyuma mwaka 1916

Februari 1916 Jan Smuts wa Afrika Kusini alichukua uongozi wa majeshi ya Uingereza. Alikuwa na askari wengi kutoka Afrika Kusini na Uhindi, pamoja na wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Mwezi Machi alimsukuma Lettow-Vorbeck kutoka eneo la Kilimanjaro. Kikosi cha Jacob van Deventer kiliteka Kondoa Irangi mwezi Aprili. Lettow-Vorbeck alijaribu kuurudisha mji huo mwezi Mei lakini alishindwa. Wakati huo Wabelgiji waliingia kutoka Kongo, na Septemba 1916 waliiteka Tabora.

Mwishoni mwa Julai van Deventer alifika reli ya kati huko Dodoma, akaifuata kuelekea mashariki kupitia Mpwapwa. Wajerumani walipigana katika mabonde membamba ya milima ya Usagara, wakivunja madaraja ya reli kila walipoondoka. Kilosa iliangukia mikononi mwa Waingereza tarehe 22 Agosti 1916, na Morogoro siku chache baadaye. Kutoka Kilosa vikosi vya Afrika Kusini viliendelea kusini kupitia Ulaya hadi Kidodi, karibu na Mto Ruaha Mkuu. Farasi wao walikufa kwa maelfu kutokana na mbung'o, na askari weupe wengi waliugua malaria na kuhara damu hadi ikabidi warudishwe kwao.

Lettow-Vorbeck mwenyewe alipita upande wa Uluguru hadi Kisaki, ambako mwezi Septemba aliwazuia waliomfuata. Kisha alikaa kwenye Mto Mgeta hadi Januari 1917. Katika mapigano ya Beho Beho mwezi huo aliuawa mwindaji Mwingereza Frederick Selous, ambaye jina lake lilipewa baadaye pori la akiba la Selous. Baada ya hapo Wajerumani walivuka Rufiji kuelekea kusini.

Smuts alitangaza kwamba kazi kubwa imekwisha, lakini vita viliendelea karibu miaka miwili zaidi. Mzigo wa kupigana upande wa Uingereza sasa ulihamia kwa askari Waafrika wa KAR, ambao idadi yao iliongezeka hadi zaidi ya 30,000.

Mahiwa na kuvuka Ruvuma

Mapigano makali kuliko yote yalitokea Mahiwa, katika mkoa wa leo wa Lindi, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 waliouawa, kujeruhiwa au kutekwa. Lettow-Vorbeck alipoteza zaidi ya 500, lakini kwa jeshi lake dogo hiyo ilikuwa hasara kubwa, na risasi zilikuwa karibu kwisha. Katika mwaka huo alipandishwa cheo kuwa meja jenerali.

Novemba 1917 aliwaacha nyuma wagonjwa, majeruhi na wote asioweza kuwalisha. Tarehe 25 Novemba alivuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno, akiwa na Wajerumani wapatao 300, askari 1,700 na wapagazi wapatao 3,000, pamoja na wanawake na watoto wa askari. Siku hiyohiyo aliiteka kambi ya Wareno ya Ngomano na kupata silaha, risasi na chakula. Kwa miezi kumi alizunguka kaskazini mwa Msumbiji akiishi kwa kuteka ghala za adui. Mwezi Julai 1918 alifika Namacurra, karibu na Quelimane. Mwishoni mwa Septemba 1918 alivuka tena Ruvuma na kurudi Tanganyika, akapita Songea na Unyakyusa, kisha akageukia Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo.

Kusalimu amri

Tarehe 13 Novemba 1918, siku mbili baada ya vita kusimamishwa Ulaya, habari zilimfikia karibu na Mto Chambeshi, kusini mwa Kasama. Tarehe 25 Novemba alikabidhi silaha mjini Abercorn, unaoitwa leo Mbala. Walioweka silaha chini walikuwa Wajerumani 155 na askari 1,168, wakiwa pamoja na wapagazi wapatao 1,500.

Wajerumani walipelekwa Dar es Salaam na kurudishwa kwao mwanzoni mwa 1919. Askari waliwekwa kambini Tabora kabla ya kuruhusiwa kwenda makwao. Wengi wao walikuwa wanadai mishahara ya miaka. Waliondoka na vyeti vya madai badala ya fedha.

Gharama kwa wenyeji

Katika vita hivi hapakuwa na barabara za magari za kutosha, na punda, ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o. Kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilisafiri kichwani mwa mtu. Kwa upande wa Uingereza peke yake wapagazi wapatao milioni moja waliandikishwa katika miaka hiyo, wengi kwa nguvu. Zaidi ya 95,000 walikufa, hasa kwa magonjwa, chakula kibaya na uchovu. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam limetokana na kikosi chao, Carrier Corps, kilichokuwa na kambi mahali hapo. Kariokor ya Nairobi ina asili hiyohiyo.

Kwa upande wa Lettow-Vorbeck hesabu kamili ya wapagazi waliokufa haikuwekwa. Wengi walichukuliwa vijijini bila hiari, na wengine walifungwa kamba ili wasitoroke. Kadiri jeshi lilivyorudi nyuma ndivyo lilivyochukua mavuno na mifugo ya kila wilaya lililopita, na mara nyingi lilichoma kilichobaki ili adui asikipate. Waingereza na Wabelgiji waliofuata nyuma walichukua kilichosalia.

Matokeo yake yalikuwa njaa. Huko Ugogo, jirani ya Kilosa upande wa magharibi, njaa iliyoitwa Mtunya iliua watu wapatao 30,000, yaani karibu mmoja katika kila watano. Nguvu kazi ilikuwa imechukuliwa, ng'ombe na nafaka zimekwenda jeshini, kisha mvua zikakosekana. Mwishoni mwa 1918 ukaja ugonjwa wa mafua makali, nao uliwakuta watu wakiwa tayari wamedhoofika.

Hata uaminifu wa askari, ambao Wajerumani waliusifu sana baada ya vita, haukuwa rahisi kama ulivyosimuliwa. Wapo waliobaki naye hadi Mbala, na ujasiri wao hauna shaka. Lakini maelfu walitoroka, hasa mwaka 1917 jeshi lilipokaribia kuondoka nchini mwao. Waliobaki walikuwa na sababu zao: heshima ya cheo, matumaini ya kulipwa, familia walizosafiri nazo, na hofu ya kurudi peke yao katika vijiji ambavyo jeshi lao lilikuwa limeviacha na njaa.

Baada ya vita

Ujerumani ilikuwa imeshindwa, na Lettow-Vorbeck alipokewa Berlin Machi 1919 kama shujaa. Mwaka huo alimwoa Martha Wallroth, wakapata watoto wanne. Mwaka 1920 alichapisha kitabu cha vijana kuhusu vita vyake, Heia Safari!, kilichosomwa sana.

Katika siasa alikuwa mhafidhina asiyeikubali jamhuri mpya. Mwaka 1919 aliongoza wanajeshi walioingia Hamburg kuzima ghasia. Machi 1920 aliunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua serikali, na lilipokwama aliondolewa jeshini. Kuanzia 1928 hadi 1930 alikuwa mbunge wa chama cha kihafidhina cha DNVP. Mwaka 1929 alikaribishwa London, akala chakula pamoja na adui wake wa zamani, Smuts. Utawala wa Hitler ulitumia umaarufu wake na kumpa cheo cha heshima cha jenerali mwaka 1939, lakini hakupewa jeshi la kuongoza.

Wana wake wawili waliuawa katika Vita Kuu ya Pili, na nyumba yake ya Bremen iliharibiwa kwa mabomu. Mwaka 1953 alitembelea tena Afrika ya Mashariki, na Dar es Salaam alipokewa na baadhi ya askari wake wa zamani. Alifariki Hamburg akikaribia miaka 94. Hotuba ya mazishi ilitolewa na waziri wa ulinzi wa Ujerumani Magharibi, Kai-Uwe von Hassel, ambaye alizaliwa Gare katika Usambara mwaka 1913.

Malipo ya askari

Mwaka huohuo wa 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Wazee walikusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti, wengine walileta vipande vya sare za zamani. Inasimuliwa kwamba asiye na ushahidi alipewa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride kama kwa bunduki, na hakuna aliyekuwa amesahau. Malipo hayo yalikuja zaidi ya miaka 45 baada ya vita, na wengi waliostahili walikuwa wamekwisha kufa. Wapagazi hawakuwa na orodha wala vyeti vya kuonyesha.

Tathmini na kumbukumbu

Kama mwanajeshi Lettow-Vorbeck anasomwa hadi leo katika vyuo vya kijeshi kwa mbinu zake za kuvizia, kuhamahama na kutumia silaha za adui. Ni kweli kwamba hakukamatwa. Lakini koloni alilotumwa kulilinda lilikuwa limepotea kwa sehemu kubwa kufikia Septemba 1916. Pia askari wengi aliowashughulisha, hasa wale wa KAR, wasingepelekwa Ulaya kwa vyovyote, kwa hiyo faida ya vita vyake kwa Ujerumani ilikuwa ndogo kuliko alivyotarajia.

Nchini Ujerumani baadhi ya kambi za jeshi na mitaa iliyoitwa kwa jina lake imebadilishwa majina katika karne ya 21. Dinosaria mmoja aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, aliitwa Dysalotosaurus lettowvorbecki kwa heshima yake mwaka 1919.

Katikati ya Dar es Salaam kuna Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 na Waingereza kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo. Ilisimamishwa mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann. Makaburi ya askari wa pande zote mbili yanaonekana Tanga, Moshi, Morogoro na Dar es Salaam. Wapagazi wengi walizikwa kando ya njia, bila alama yoyote.